Sikukuu ya jirani, chimbuko lake kwetu

Chukua kalenda ya Msumbiji. Ukiondoa Mwaka Mpya, Mei Mosi na 25 Desemba, ambayo wenzetu wale huiita Siku ya Familia, zinabaki sikukuu sita za kitaifa. Sasa weka ramani pembeni uitafutie kila moja mahali ilipozaliwa. Tarehe 3 Februari, Siku ya Mashujaa: Dar es Salaam. Tarehe 7 Aprili, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji: Dar es Salaam tena. Tarehe 25 Juni, Siku ya Uhuru: bendera ilipandishwa Maputo mwaka 1975, lakini tarehe yenyewe ni ile ambayo FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa mwaka 1962, na FRELIMO iliundwa Dar es Salaam. Tarehe 7 Septemba, Siku ya Ushindi: mkataba na Wareno ulitiwa saini Lusaka mwaka 1974. Tarehe 4 Oktoba, Siku ya Amani: serikali na waasi wa RENAMO walitia saini Roma, mwaka 1992. Inabaki 25 Septemba, siku ambayo risasi za kwanza zililia Cabo Delgado mwaka 1964. Hiyo ni ya nyumbani kabisa, ingawa mapambano yake yaliandaliwa upande wetu wa Ruvuma.

Mataifa ya namna hii si mengi. Namibia wana 4 Mei, Siku ya Cassinga, na Cassinga iko ndani ya Angola, ambako majeshi ya Afrika Kusini yaliwashambulia Wanamibia waliokuwa uhamishoni mwaka 1978. Sisi Watanzania zetu tumezizaa nyumbani: Saba Saba ni TANU pale Dar es Salaam, 12 Januari ni Unguja, 9 Desemba haina ubishi. Anayetaka kwenda kuadhimisha Uhuru ulikoanzia anapanda daladala. Nadhani ndiyo maana hatuielewi vizuri hamu ya mtu anayekata tiketi ya ndege aende kuila sikukuu ya taifa lake katika nchi ya watu. Akitokea mtu mwenye hamu hiyo tunamwona mtalii mwingine tu, aliyekosea njia ya Serengeti.

Msumbiji ilitimiza miaka 50 ya uhuru Juni 2025. Watoto wa wapigania uhuru waliolelewa huku wana mvi sasa, nao wana watoto wenye kipato, wenye simu na wenye maswali. Wanakuja. Hawajazi mabasi, lakini wanakuja, na Bagamoyo ni mojawapo ya mahali wanapopaulizia. Hoja yangu ni kwamba mgeni wa aina hii hana haja sana na mnara, wala na kituo cha taarifa chenye kiyoyozi. Anachohitaji ni mwenyeji. Na Bagamoyo, ambayo imekula kwa kupokea wageni tangu enzi za misafara ya pembe na watumwa, kwa mgeni huyu mmoja imejisahau.

Kwa nini Bagamoyo? FRELIMO ilipoanza kukusanya vijana wa kupigana, baadhi ya waliotangulia walipitia hapa kabla ya kambi ya Kongwa kufunguliwa mwaka 1964. Lakini kilichoufunga mji huu na Msumbiji hasa ni shule. Kurasini, Dar es Salaam, kulikuwa na Taasisi ya Msumbiji iliyoanzishwa mwaka 1963 na kuongozwa na Janet Mondlane, Mmarekani, mke wa rais wa FRELIMO Eduardo Mondlane. Vijana waliotoroka utawala wa Mreno, ambao kwao Mwafrika kufika sekondari ilikuwa kama ndoto ya mchana, walipata pale kitanda, chakula na darasa. Mwaka 1968 kukazuka fujo. Wanafunzi waligombana na uongozi, wapo ambao hawakutaka kusikia habari ya kuacha vitabu kwenda vitani, na shule ikafungwa. Sekondari ilipofufuliwa mwaka 1970 haikurudi Kurasini. Ililetwa Bagamoyo, kilomita kama 70 kutoka kwenye kelele za siasa za Dar es Salaam.

Msumbiji haikusahau. Katikati ya Maputo, karibu na bandari, kuna mtaa ambao wakati wa Mreno uliitwa Rua Araújo, maarufu kwa mabaa na mabaharia. Baada ya uhuru ukapewa jina la Bagamoyo. (Wenyeji wa hapa wanaojua habari hiyo hucheka: mji wetu wa madrasa na misheni umerithi mtaa wa walevi.) Nasi tulimpa Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, barabara ya katikati ya Dar es Salaam, ile inayopita kwenye sanamu ya Askari. Kwa majina ya barabara hatudaiani. Ila ukija huku kama mgeni, njia ya watalii iliyozoeleka itakupitisha Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, nyumba ya misafara, mnara wa kanisa ulikolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, kisha Kaole. Ni karne ya kumi na tisa, na magofu ya Kaole ni ya kale zaidi ya hapo. Karne ya ishirini haina kituo.

Niliyaona matokeo yake siku moja stendi. Mama mmoja mtu mzima na binti yake, vitenge vya kwao vimefungwa juu ya suruali, wameshuka kwenye basi dogo la kutoka Makumbusho. Kiswahili cha yule mama kilikuwa safi na cha kizamani, cha mtu aliyekijua utotoni kisha akakiweka kabatini. Akamuuliza kijana wa bodaboda, “Mwanangu, shule ya FRELIMO iko wapi?” Kijana hakusita. “Pandeni mama, napajua.” Akaita na mwenzake, pikipiki mbili, wakawapeleka Kaole, kwenye magofu ya msikiti. Kijana wala hakuwa tapeli. Wageni wote anaowabeba wanataka cha kale, na cha kale anachokijua ni Kaole.

Mchana niliwakuta kwenye kibanda cha mama ntilie, wanakula wali kwa samaki na kusimuliana kituko chao. Yule mama ntilie, umri wake si chini ya sabini, alikuwa akisikiliza huku anapakua. Mwishowe akaweka upawa chini. “Wale wanafunzi wa Samora? Si tulikuwa tunawauzia mihogo!” Akavuta kigoda. Akaeleza walivyokuwa wakipita kwa mstari wakiimba, walivyokuwa hawana hela lakini hawaibi, na msichana mmoja mrefu aliyekuwa akija kusukwa nywele kwa dada yake, analipa kwa kufundisha hesabu. Binti wa mgeni hakuwa anaelewa neno. Alishika simu tu, anarekodi, na mama yake anamtafsiria vipande vipande kwa Kireno. Wali ukapoa. Watu wawili waliokuwa wanasubiri sahani zao wakaanza nao kuchangia, mmoja akiapa kwamba babu yake alikuwa mpishi wa shule ile, mwingine akimbishia. Hicho ndicho walichokuja kukitafuta, na walikipata kwa bahati, kwa kuwa njaa iliwaingiza kibanda kile badala ya hoteli ya ufukweni.

Ilikuwa tarehe 6 Aprili. Kesho yake walikuwa waende makaburi ya Kinondoni kwa ajili ya Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25 tu: mpiganaji, kiongozi wa shughuli za jamii ndani ya FRELIMO, mke wa Samora, mama wa mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili. Siku ya Mwanamke wa Msumbiji ni siku ya kifo chake. Nikamwambia yule mama kwamba mabaki yalishahamishiwa Maputo, kwenye Uwanja wa Mashujaa. “Najua,” akasema. “Pale Maputo ninakwenda kila mwaka. Huku ndiko walikomlilia kwanza.”

Jibu lile lina uchambuzi mwingi kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Mondlane naye aliuawa Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta. Alikifungulia nyumbani kwa rafiki, Oysterbay. Akazikwa Kinondoni, na baadaye naye akarudishwa kwao. Serikali ya Msumbiji ilifanya sahihi kuwarudisha wafu wake. Lakini taifa likishahamisha mifupa, kinachobaki kule sikukuu ilikoanzia ni watu: aliyebeba jeneza, aliyeuza muhogo, aliyepangisha chumba, mtoto aliyecheza mpira na wageni akajifunza kuhesabu hadi kumi kwa Kireno. Hivi haviwezi kupakiwa kwenye ndege. Anayevitaka lazima avifuate, na akifika amkute wa kumsimulia.

Watu wa mwambao hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili, maana tunalifanya wenyewe. Maulidi ni sikukuu ya kitaifa hapa Tanzania na yanasomwa kila mji. Tanga yanasomwa vizuri kuliko mahali pengi. Hata hivyo kila mfungo sita wako watu wa Tanga wanaovuka Horohoro, wanapita Mombasa, wanakwenda hadi Mokowe na kupanda boti waingie Lamu, nchi nyingine, pasipoti mkononi, ili wayasome pale Msikiti wa Riyadha ambako Habib Swaleh aliyaanzisha kwa mtindo ule wa matari. Ukiwauliza walichokwenda kukifuata hawatakuambia usanifu wa msikiti. Watakuambia walilala kwa nani, nani aliwapikia, walikaa safu ipi na wenyeji gani. Lamu mgeni wa Maulidi analazwa majumbani na wenye mji wanahesabu kumpokea kuwa sehemu ya Maulidi yenyewe.

Bagamoyo nayo iliwahi kuijua kazi hiyo. Sheikh Yahya Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka pande za Manyema na akafa mwaka 1931 akiwa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, aliufanya mji huu kuwa mahali pa ziara. Murid, yaani wafuasi wake, walitoka bara wakafika hapa, wakalazwa, wakalishwa, wakapiga dhikri usiku kucha. Hakukuwa na dirisha la tiketi. Kwa hiyo nikisema Bagamoyo imejisahau sizungumzii ujuzi wa kigeni wa kuletewa na wataalamu wa semina.

Sasa, najua jibu la ofisini litakuwaje: andiko la mradi. Tanzania ndiyo mwenyeji wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na ni haki yetu, kwani Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi ilipovunjwa mwaka 1994. Kazi ya kukusanya nyaraka na kuorodhesha maeneo kama Kongwa na Nachingwea ni kazi njema, siibezi. Tatizo ni tabia ya miradi yetu. Panajengwa uzio kwanza. Kisha bango lenye picha ya kiongozi aliyezindua. Kisha kibanda cha mlinzi, na ukutani karatasi ya viingilio yenye bei ya raia na bei ya mgeni. Kwa karatasi hiyo, mtoto wa mwalimu aliyefundisha Bagamoyo akija kwenye darasa la baba yake atalipa sawasawa na Mdenmaki aliyekuja kupiga picha mnazi. Hakuna ubaya Mdenmaki kulipa. Lakini tarehe 3 Februari, 7 Aprili na 25 Juni, Mmsumbiji kutozwa bei ya mgeni kwa ajili ya sikukuu yake mwenyewe ni aibu yetu, na ni aibu ndogo ambayo halmashauri inaweza kuifuta kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Zaidi ya hapo, mgeni huyu si mgeni hivyo. Wapo Wamakonde katika mkoa wa Tanga ambao babu zao walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya wakoloni. Vyama vya Wamakonde waliotoka Msumbiji, vilivyoenea Tanganyika, Zanzibar na Kenya, ndivyo vilivyozaa MANU, na MANU, UDENAMO na UNAMI ndivyo vyama vitatu vilivyoungana 25 Juni 1962 kuwa FRELIMO. Maana yake, sehemu ya Siku ya Uhuru ya Msumbiji ilipikwa kwenye kambi za manamba wa mkonge, na wajukuu wa manamba hao wako hapa, wanalipa kodi hapa, wanacheza mapiko, ngoma yao ya vinyago vya uso, harusini hapa. Wao wangekuwa wenyeji wa kwanza. Sijui kwa nini huwa tunawakumbuka tu tunapotaka kinyago.

Kuna upande mmoja ambao wapenda sherehe hawatanishukuru kwa kuugusa. Mtu akienda kule sikukuu yake ilikoanzia anakutana pia na mambo ambayo gwaride la kwao huyaruka. Shule ya Bagamoyo yenyewe isingekuwepo kama ile ya Kurasini isingevurugika, na ile haikuvurugika hivi hivi. Ndani ya FRELIMO ya mwaka 1968 na 1969 kulikuwa na mpasuko wa kweli: nani aongoze, wa kusini au wa kaskazini, msomi aende mstari wa mbele au asubiri, Lazaro Nkavandame, mkubwa wa Cabo Delgado katika chama, akaishia kujisalimisha kwa Wareno. Baada ya kifo cha Mondlane uongozi ulishikwa na watu watatu, Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Simango, aliyekuwa makamu wa rais, akaandika malalamiko yake hadharani mwishoni mwa 1969, akatimuliwa, na baada ya uhuru akakamatwa na kuuawa bila kufikishwa mahakamani. Wazee wa huku waliyaona ya mwanzo, kwa sababu ugomvi wa nyumba ya kupanga haufichiki kwa mwenye nyumba.

Mwenyeji afanyeje, ayafunike ili asiuharibu ugeni? Mimi naona ayaseme, kwa adabu ya mtu wa nje. Sikukuu ya kitaifa ikisherehekewa nyumbani huwa mikononi mwa serikali, na serikali yoyote huchagua cha kukumbuka. Yule anayekwenda chimbukoni amejipa nafasi ya kusikia toleo la jirani, asiyegombea ubunge Maputo. Tukimpa mgeni hotuba ileile aliyoiacha kwao, tumemla nauli.

Kuhusu nauli, njia nayo ni shida ya peke yake. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720 juu ya Ruvuma, lilifunguliwa Mei 2010, na ungetegemea liwe njia ya asili ya safari hii, kinyume cha ile aliyoipita Samora Mei 1975 alipovuka kutoka Tanzania na kuteremka hadi Maputo kwa ajili ya uhuru. Lakini tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, Cabo Delgado haijatulia, na Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Chai, kituo ambako mapigano ya 25 Septemba yalianzia, kiko wilaya ya Macomia, wilaya ambayo nayo imekimbiwa mara kadhaa na watu wake. Mtu wa Maputo anayetaka kugusa mahali taifa lake lilikoanzia anaona ni salama zaidi kuruka hadi Dar es Salaam na kupanda basi dogo la Bagamoyo kuliko kwenda Mueda, huko huko Cabo Delgado, ndani ya nchi yake. Hilo linatuongezea uzito. Kwa muda huu, kwa baadhi yao, sisi ndio tulio na mlango ulio wazi.

Kifanyike nini basi? Tuanze na vidogo visivyohitaji mhandisi. Waongoza watalii wa Bagamoyo waongezewe FRELIMO kwenye mafunzo yao, hata saa mbili, na vijana wa bodaboda waelezwe ni wapi pa kumpeleka anayeuliza. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapa Bagamoyo, ambao wana ngoma, jukwaa na tamasha la kila mwaka, wanaweza kuipa tarehe 25 Juni jioni moja tu ya mapiko na nyimbo za ukombozi, mgeni awepo asiwepo; ikizoeleka, watakuja. Kata zina wazee wa baraza: waombwe majina ya waliopangisha, waliofundisha, waliopika. Ubalozi ualikwe kama jirani anavyoalikwa arobaini, bila king'ora.

Na hili la wazee lisingoje bajeti. Aliyekuwa na miaka 15 shule ile ilipofika mwaka 1970 amekwishavuka sabini. Yule mama ntilie wa stendi ana kisukari na anasema mwakani anafunga kibanda aende kwa mwanawe Chalinze. Wanafunzi wa kidato cha tatu hapa mjini wana somo la historia, wana simu zenye kinasa sauti, na nyumba za kugonga hodi hazifiki hamsini. Mwalimu mmoja mwenye hamu angeimaliza kazi hii likizo ya Juni, kabla ya tarehe 25.